Siku Tulipoifagia Barabara

Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini kupokea mgeni hakuna wa kunifundisha. Mgeni akija kwangu hapa mtaani Shika Adabu, atakuta ua umefagiwa, mkeka umetandikwa, udi wafuka, na shida zangu zote nimezisukuma chini ya kitanda. Ndivyo nilivyolelewa. Na ndivyo nilivyotuharibia.

Mbele ya mtaa wetu inapita barabara kuu ya kwenda kusini. Tangu ilipopanuliwa, magari hayaendi tena, yanapaa. Sisi tuko upande huu, shule ya msingi iko upande ule, na katikati hapana tuta, hapana mistari ya kuvukia, hapana hata kibao. Asubuhi watoto husimama ukingoni na mikoba yao, wakingoja nafasi baina ya lori na lori, kisha hutimua mbio kama kuku waliotupiwa jiwe. Na jirani yangu alikuwa akivuka papo hapo, beseni la mahamri kichwani, maana wanunuzi wake ni walimu. Huyu nimecheza naye kidalipo utotoni. Tumeolewa mwaka mmoja, na ujane ukatukuta pamoja.

Habari za ufadhili zililetwa na mjukuu wangu. Kwa huyo nitajivuna mpaka nifukiwe: ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo. Alikuja na simu yake mkononi.

"Nyanya, kuna shirika latoa pesa kwa vikundi vya mitaani. Za matuta, za njia za waendao kwa miguu, za kuvushia watoto. Ukiomba vizuri wapewa, wala hurudishi."

"Hurudishi? Basi wao wataka nini?"

"Wataka uwaonyeshe kuwa mahali penyewe ni pa hatari."

"Hilo tu? Hatari tunayo ya kugawia na majirani!"

Kikundi tulikuwa nacho, cha akina mama, cha kuazimana masufuria na viti vya harusi, na mwenyekiti ni mimi. Mjukuu wangu alisimama ukingoni siku tatu na daftari lake juani, akiandika magari, akiwapiga picha watoto wakikimbia. Akakusanya sahihi nyumba kwa nyumba. Mimi nilitia yangu kubwa, ikatoka nje ya kisanduku. Baada ya muda jibu likaja: maombi yetu yamependeza, maofisa wawili watakuja kujionea wenyewe asubuhi, saa ya watoto kuingia shule.

Nikawaita wenzangu uani. Nikagawa kazi kama ya harusi. Hawa wafagie ukingo wa barabara, hawa wajaze lile shimo kwa kokoto, hawa wanyunyize maji vumbi litulie. Vijana wa bodaboda nikawaomba wasimame huku na huku, wayapunguze magari mwendo. Sisi wenyewe tuvae leso za sare, tuwashike watoto mikono, tuwavushe kwa foleni.

Jirani yangu alikuwa akichambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Dada, hawa waja kutazama ugonjwa. Weye wataka kumpaka mgonjwa hina?"

"Nataka wasituone mafukara wasio na mpango."

"Si ndivyo tulivyoandika kwenye fomu?"

"Kwenye fomu ni karatasi. Hawa ni wageni."

Wenzangu wakacheka, wakawa upande wangu. Mjukuu wangu alikuwa chuoni, hakujua. Aliwasili asubuhi ile pamoja na maofisa, na nilimwona uso ukimshuka alipoiona barabara. Ilikuwa safi, wallahi, ungeweza kutandaza mpunga. Watoto walivuka wawili wawili, kimya, kama waenda maulidi. Madereva, wakiwakuta vijana wamepanga pikipiki ukingoni, walidhani kuna msafara wa mkubwa fulani, wakapita taratibu. Lori moja lilisimama kabisa, dereva akatupungia mkono!

Afisa mmoja alikuwa bibi wa makamo, mpole, aliyeniamkia shikamoo kabla sijafungua mdomo. Alitazama, akaandika, akatazama tena. Kisha akanigeukia.

"Mama, kila siku huwa hivi?"

Swali jepesi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Mjukuu wangu alinitazama kwa macho ya kuniomba. Jirani yangu, beseni kichwani, alinitazama vilevile. Nami nilivyokuwa na leso yangu mpya, na mtaa mzima unanisikiliza, nikasema:

"Kila siku, mwanangu. Sisi watu wa hapa tuna mpango wetu."

Akaandika hilo nalo. Tukawakaribisha uani, wakala mahamri kwa mbaazi, wakanywa chai ya iliki, wakasifu sana. Nikalala usingizi mnono.

Barua ilisomwa na mjukuu wangu, amesimama mlangoni, hataki kuketi. Walitupongeza kwa jinsi tulivyojipanga. Lakini pesa ni chache, na zitapelekwa mahali ambako watoto hawana wa kuwavusha.

"Walikula mahamri yangu!" nikasema.

"Nyanya," akaniambia, "walikuuliza." Afadhali angenitukana.

Muhula uliofuata, asubuhi ya kawaida, bila vijana, bila leso za sare, pikapu ilimgonga jirani yangu. Nilisikia breki, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mahamri yalikuwa yametapakaa kwenye lami yote, na magari bado yanapita juu yake. Hakufa, alhamdulillah. Mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo atembea kwa magongo. Waliokuja kumpa pole walisema ni kadari. Kadari naiamini. Lakini kadari haikunituma mimi kusema uongo.

Nilikaa siku nyingi kabla ya kumwomba radhi. Nilipoenda nilianza kulia, akanikatiza.

"Nyamaza, utanilowesha godoro. Zile mbaazi za wageni nilizipika mimi. Kosa si lako peke yako."

Mwaka huu mjukuu wangu ameniambia shirika limefungua tena maombi. Safari hii fomu yauliza aliyeumia, na yataka aridhie mwenyewe kuandikwa. Nikaenda kumwuliza jirani yangu, fomu mkononi.

"Andikeni," akasema. "Lakini mtie na ile habari ya ufagio. La sivyo, sahihi yangu hampati."

Basi nimeitia. Nilimtajia mjukuu wangu neno kwa neno, naye akaandika: wageni walipouliza kama kila siku huwa hivi, mwenyekiti alidanganya, na mwenyekiti ni mimi. Majibu bado.

Siku hizi beseni la mahamri navusha mimi. Jirani yangu huketi kizingitini, magongo kando, akiitazama barabara kwa niaba yangu, maana macho yangu yamepungua.

"Bado," hunipigia kelele. "Bado... ebo, si nimekwambia bado! Rudi nyuma!"

Nami hurudi nyuma, na watoto wa shule hurudi nyuma pamoja nami, tukangoja.