Zamu ya Kubeba

Siku yangu ya kwanza kiwandani, hapa Likasi, nilidhani nimepelekwa kuosha mabeseni. Kumbe mabeseni yale marefu yalijaa tindikali, na ndani yake umeme uliikusanya shaba juu ya mabamba tuliyoyaita katodi. Kazi yetu ilikuwa kuyatoa yakikomaa. Shefu wa ekipi, yaani mkuu wa kikundi chetu, mzee wa Kikasai mwenye masharubu ya kujivunia, aliviangalia viatu vyangu vya Jumapili akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanitafutia buti zake za akiba.

Vijana wa leo mnafikiri mawazo makubwa yanatoka kwenye simu. Sisi tuliyapata wakati wa mapumziko, tumekaa duara tukila bukari, ugali wetu. Shefu alitueleza habari za watu weusi, wa huku na wa ng'ambo, waliokataa kuwa mali ya mtu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba, na wenye mgodi wakamwita "mikono".

"Mikono iko na kichwa," alituambia Shefu.

Duara lile lilikuwa na sheria moja: aliyeajiriwa mwisho husema kwanza, asije akakariri maneno ya wakubwa.

Asubuhi moja mashine za kuvuta hewa chafu ziliharibika. Mvuke wa tindikali ulichoma macho na koo, lakini Injinia Mkuu akataka tuingie. Tukakaa duara. Zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Nikasema tusiingie, na wengine wakakubali mmoja baada ya mwingine.

Injinia alikuja amewaka. Alitaka kumjua aliyeanzisha maneno hayo. Huyo angefukuzwa siku hiyohiyo na kutolewa katika nyumba ya kampuni. Katika nyumba yangu alilala mama yangu, mgonjwa. Niliogopa, sifichi.

Shefu akasimama. "Ni shiye bote," akasema, yaani ni sisi sote. "Kama unatafuta jina, kamata yangu."

Mashine zilitengenezwa. Shefu akavuliwa cheo, akapelekwa kupakia mabehewa, mzee yule. Nilimfuata nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Mudogo, weye unasemaka. Kubeba ni kazi ya shiye bakubwa."

Tangu siku hiyo nilimpenda kama baba. Alizeekea Kapolowe akilima mahindi, na hakunikumbusha jambo lile hata mara moja.

Nami nikawa shefu, nikastaafu, nikadhani duara limeniaga. Juzijuzi mjukuu wangu Ngalula na wenzake walikutana uani kwetu, kwa sababu maji machafu ya kiwanda kimoja yanaingia kwa mfereji katika bustani za mboga za mtaa. Yeye ndiye mdogo kuliko wote, na kwa sheria yetu ileile akasema kwanza: waende wakae langoni mpaka mfereji ule uzibwe. Wote wakakubali. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawafuata na mkongojo wangu, nikiyalaani magoti njia nzima.

Langoni, mkubwa wa walinzi alitoa kalamu, akauliza nani aliyeanzisha fujo hii, apelekwe polisi. Ngalula akafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikapita mbele yake.

"Ni shiye bote," nikasema. "Lakini andika jina yangu kwanza."