Jina la Ng'ombe wa Mama

Mama aliuza ng'ombe wake pekee ili mimi ninunue gitaa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu hasira zangu zote za Kigali ya miaka ile zinaanzia kwenye zizi lake tupu, kule Ndera, alikorudi kulima baada ya baba yangu, fundi cherehani, kufariki.

Ng'ombe huyo aliitwa Gaju. Nilimtungia wimbo kwa mtindo wa kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani ambao mji mzima uliupenda. Nikamwahidi mama kwamba siku moja atalisikia jina la Gaju redioni. Akacheka, akasema, "Basi nitanunua betri." Alizinunua kweli, akazitia kwenye kopo la majani ya chai zisipate unyevu.

Kopo lile lilinikera miaka miwili. Kila nikienda Ndera naliona juu ya kabati, na mama haligusi wala haulizi. Mjini nilikuwa nikipiga kwenye baa moja ya Kimihurura, kichwani kofia pana ya kuazima, na hakuna aliyetaka wimbo wangu. Walitaka nyimbo za Wamarekani, kwa Kiingereza ambacho mimi wala wao hatukukielewa. Nikianza Gaju, mtu anamwita mhudumu alete mishikaki. Nilichukia baa ile hadi mlango wake.

Waliompenda Gaju walikuwa watu wa harusi. Kwetu mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wa mahari hatolewi kimyakimya. Lazima asimame mtu amsifu kwa jina lake, pembe zake na mwendo wake, hata kama ng'ombe mwenyewe yuko mbali malishoni. Baba wa bwana harusi mmoja aliusikia wimbo wangu, akanishika mkono.

"Wewe mwimbaji, wimbo iko muzuri sana. Lakini ng'ombe yetu iko na jina yake. Toa ile yako, weka ya kwetu."

Nikatoa. Ningefanyaje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kila Jumamosi. Nilimwimba ng'ombe wa mwenye duka, wa mwalimu, wa karani. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, vizuizi vimejaa barabarani, lakini watu waliendelea kuoana na mimi niliendelea kubadilisha jina. Nikajidanganya kwamba ni mazoezi.

Mwaka wa tisini na tatu, redio ikaniita nirekodi wimbo wangu wa Gaju. Studioni nilimkuta fundi mitambo mwenye haraka zake.

"Tepu iko moja. Unaimba mara moja, ya pili haiko. Twende."

Niliimba vizuri kuliko siku zote. Sauti haikutetemeka, vidole havikukosea. Nilitoka pale natembea kama mji ni wangu, nikampelekea mama habari kwamba wimbo utapigwa Jumapili.

Jumapili mchana nikaketi na redio ya jirani. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye kiitikio, sauti yangu mwenyewe, safi kabisa, ikaita: Bihogo! Yule alikuwa ng'ombe wa harusi ya Jumamosi iliyotangulia siku ya kurekodi. Jina lilikuwa limenikaa mdomoni, nikaliimba mbele ya mashine bila hata kujisikia. Nilitafuta wa kumlaumu: fundi, tepu yake moja, baba wa bwana harusi, vita. Sikumpata. Mdomo ulikuwa wangu.

Kesho yake nikaenda Ndera na gitaa mgongoni. Sijafika hata uani, jirani wa mama akanipokea kwa vigelegele.

"Tumesikia Bihogo ya mama yako! Sisi tulizoea Gaju. Jana ndiyo mama anatuambia, Gaju ilikuwa ya kumuita malishoni tu, jina ya heshima ni Bihogo. Alituita wote tusikilize!"

Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, anapukuchua maharage. Kopo lilikuwa kando yake, wazi, halina kitu. Nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Nimesikia, mwanangu. Sauti yako iko nzuri."

"Mama, ngoja nikuimbie wenyewe. Wa Gaju."

Niliona aibu. Nikakaza nyuzi. Majirani walishaliona gitaa, wakaanza kuingia mmoja mmoja, na watoto wao. Mama akaweka mkono juu ya nyuzi, akanisogelea.

"Usimutaje Gaju hapa," akaninong'oneza. "Watajua nimewadanganya. Imba ile ya redio."

Nikaimba Bihogo. Kwenye kiitikio mama akainuka, akayakung'uta maganda kwenye kanga, akanyoosha mikono juu kama pembe, akamchezea ngoma ng'ombe wa watu.