Kura Iliyopigwa Juu ya Nyumba ya Mjane

Nakumbuka vizuri siku tuliyoondoa matanga ya baba, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Baba alikuwa dereva wa treni ya Sakania. Alituachia nyumba ya matofali hapa Lubumbashi, waliyoijenga na mama chumba baada ya chumba, baba akinunua saruji na mama akisomba maji kichwani. Mimi nilikuwa msichana tu, lakini mkubwa kwa wadogo zangu.

Kwetu, kilio kikiisha, ndugu wa marehemu hukaa kikao juu ya vitu alivyoacha. Zamani mkubwa wa ukoo aliamua, wengine wakanyamaza. Safari hii baba mdogo, aliyetoka Mitwaba na njaa ya kuishi mjini, alikuja na neno jipya alilolisikia redioni.

"Sasa tuko na démocratie," akasema. "Hatutagombana. Mwenye anataka nyumba ya yaya, mukubwa wetu, irudie ukoo, na huyu mama arudie kwabo na batoto, ainue mukono."

Mikono ikapanda uani pote. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Hakuulizwa neno. Mimi nikapaza sauti kwamba nakataa, nikaambiwa mtoto hana kura. Baba mdogo akacheka, akasema wengi wamekubali na yamekwisha, na vijana wakaanza kutoa kabati letu nje. Kucheka kwake ndiko kulikoniuma zaidi ya kabati.

Hapo akasimama shangazi, dada mkubwa wa baba, miguu imemvimba, akijishikilia mlangoni.

"Nani alibapatia ruhusa ya kupigia nyumba ya mwingine kura?"

"Yaya, majorité imesema, bale bengi."

"Majorité! Siye bote tukipiga kura ukatwe huo mukono, utauleta? Kura iko ya kuchagua mwenye ataongoza kikao. Haiko ya kunyang'anya muntu kwake. Kuko loi, sheria ya inchi, na loi inalinda ule anabakia peke yake. Rudisheni kabati!"

Kabati likarudi. Baba mdogo akatishia kwenda mahakamani, na shangazi akamjibu kwamba yeye ndiye atakayetangulia. Kweli alikwenda, akasimama mbele ya hakimu na kusema dhidi ya ndugu zake wa tumbo moja. Baba mdogo alikuja na ukoo mzima, wakajaza mabenchi. Hakimu alipomuuliza ana ushahidi gani kwamba nyumba ni yake, akageuka akawanyooshea kidole watu waliokaa nyuma yake! Hakimu akasema anawaona, ni wengi, lakini nyumba ni ya watoto wa marehemu na mjane ataendelea kukaa humo. Tukabaki kwetu.

Shangazi alilipia hilo. Ndugu zake walimsusa, na alipofariki wengi wao hawakufika hata kwenye kilio chake. Mama na mimi ndio tuliomwosha.

Ndiyo maana nakasirika, mwanangu, nikiwaona wakubwa wa leo. Wanashinda uchaguzi, halafu wanadhani tumewakabidhi funguo za kila nyumba. Mtu anafungwa kwa sababu amesema. Wakulima wanaamka na kukuta shamba lao limezungushiwa uzio wa mgodi, na wakiuliza wanajibiwa, "Sisi tulichaguliwa." Mlichaguliwa! Kuchaguliwa ni kutumwa kazi, na anayetumwa hafanyi anavyotaka na mali ya aliyemtuma. Na hakimu anayengoja simu ya mkubwa kabla ya kuhukumu, huyo ni mwizi aliyevaa joho. Lakini ninyi vijana mnaniudhi zaidi. Akionewa mtu wa upande wenu mnajaza barabara, akionewa wa upande mwingine mnapiga makofi.

Basi nisikilize. Nenda ukapige kura, na ukiibiwa kura yako piga kelele, ni haki yako. Ila mnapokaa wengi kuamua jambo, uliza kwanza kama ni lenu kuliamua, na kama yule mnayemwamulia amepewa nafasi ya kusema. Nchi yenye kura bila sheria ni kile kikao cha baba mdogo, na nchi yenye sheria isiyomlinda mnyonge haina tofauti nacho. Na siku watu wako wenyewe watakapokosa, usimame uwaambie, hata wakikutenga. Hilo ndilo gumu. Shangazi aliliweza, nami sina urithi mwingine wa kukupa unaolizidi.

Mungu akulinde siku utakapokuwa peke yako mbele ya wengi. Na siku utakapokuwa wewe ndio wengi, akulinde zaidi.