Dakika Tatu za Kusema Vita

Ule mwaka sombe, majani yetu ya muhogo, ilikosekana Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, tukatwanga epinari, mchicha wa Wazungu, na kuimwagia mawese mengi ili tumbo lisigundue, ndio mwaka Waingereza walikuwa wanafunga mizigo yao kwenye Bunge la Ulaya, nchi yao ikijitoa. Mimi nilikuwa nafanya usafi kwa mmoja wao, mbunge wa waliberali, mzee wa rika langu. Maisha yake yote alitetea wafungwa wa nchi ambazo hajafika. Sweta yake ilikuwa na matundu viwikoni, nikamhurumia, nikamletea ya marehemu bwana yangu. Akaivaa, maskini, bila kuniambia kuwa ana nyumba mbili.

Siku moja akaniambia bunge litasikiliza habari za vita vya Kivu, kwetu Kongo. Ni kikao chake cha mwisho, na bila mtu aliyekimbia vita mwenyewe, karatasi yake ya azimio italala kwenye droo. Nikakubali haraka mno. Darasa la tatu sikumaliza, lakini jioni ile mtaa mzima, hadi kituo cha Porte de Namur, ulijua kwamba nitahutubia Ulaya. Wajukuu wangu wote saba waliambiwa mara mbili. Nikashona kitenge, nikanunua wigi iliyonifanya nifanane na wakili aliyenyeshewa.

Mkalimani, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, alinieleza kuwa nina dakika tatu. Nikaitika tu, nilikuwa nashughulika na wigi.

Bon, kwetu muntu hasimami mbele ya wakubwa akaanza kubwabwaja. Nikamsalimia mama aliyeongoza kikao, nikauliza habari za watoto wake. Nikasalimia safu ya kwanza, nikaingia ya pili. Nikataja kijiji, baba yangu, ukoo wa mama. Nilikuwa nageukia wakalimani ndani ya kibanda chao cha kioo, maikrofoni ikazimika.

Yule mama hakuwa mbaya. Akaniongezea dakika moja, ila niende moja kwa moja kwa waliouawa.

Nikamwambia, "Sitaanza na wafu kabla sijamaliza kusalimia wazima."

Mzee wangu mbunge akaja, akachuchumaa karibu na kiti changu, magoti yakimlia.

"Maman, nakuomba. Miaka yote hii nimetafuta mtu wa kusema. Taja hata jina moja."

Nilijua naharibu. Wigi ilikuwa imenishukia kwenye nyusi, na ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa kati ya hao wa kutajwa. Nikashika maikrofoni kama mwiko.

"Sitaanza na wafu kabla sijamaliza kusalimia wazima."