Bia Moja Iliyouzwa Mara Nne

Jumapili baada ya ibada nilipeleka kuku kwenye baa moja hapa Mkonze, bendi ikiwa imeshaanza kupiga. Nikisubiri malipo yangu kaunta, nikaona mteja anamtunza mpiga gitaa kwa bia. Mpiga gitaa akaweka mkono kifuani kushukuru. Wimbo ulipoisha akairudisha chupa ikiwa haijafunguliwa, mhudumu akaitia kwenye friji. Chupa ile ile, yenye lebo iliyochanika, ikanunuliwa tena, ikarudi tena. Ikafika mara ya tatu.

"We dada, mbona mnauza bia moja kila mara?" nikauliza.

"Mama, yule kaka hanywi, ana vidonda vya tumbo. Kila anayorudisha, bosi anampa nusu ya bei."

"Na mshahara wake?"

Akacheka. "Si ndiyo huo?"

Mara ya nne ikanunuliwa na baba mmoja mwenye tai, mkarimu kweli, akaipeleka mwenyewe jukwaani, hatua chache kutoka kaunta.

"Fundi, leo lazima unywe!" Akang'oa kizibo kwa meno.

Watu wakapiga makofi. Mpiga gitaa akatazama povu likishuka, akaweka mkono kifuani kama kawaida. Kisha akamgeukia mwenzake wa besi.

"Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya unga," akasema.

Msomaji, ukienda kusikiliza bendi, mtunze mwanamuziki kwa pesa mkononi. Ukishindwa, mnunulie bia, lakini tafadhali usimfungulie.