Nilivyokwenda Houston Kuutazama Utajiri wa Mchanga

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, kaeni vizuri, wekeni simu chini. Sikwenda Houston kumsalimia mdogo wangu Mwajuma. Nilikwenda kwa wivu. Mwanawe Idi, mhandisi, alikuwa kwenye kampuni inayotoa mafuta katika mchanga huko Kanada, na kila Jumapili Mwajuma alinipigia kunihesabia vyumba vya nyumba mpya. Mwanangu Hamisi alikuwa ghalani hapa Mesquite, jirani na Dallas, anapakia maboksi. Nikamwambia, "Ijumaa uache kazi, uende Kanada ukaendeshe malori ya mchanga. Idi atakuombea nafasi." Mkewe, Mama Salma, akalia. Nikamnyamazisha.

Alhamisi asubuhi nilipanda basi Dallas. Njia yote ni tambarare, ng'ombe, na vituo vya petroli vyenye bei kwa tarakimu kubwa. Petroli ilikuwa imepanda hata Hamisi na wenzake wakawa wanakwenda kazini kwa gari moja. Abiria walinung'unika. Mimi kila bei niliyoiona, niliona Mwajuma anaongezewa chumba.

Saa nane mchana, Houston. Joto la ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mwajuma, aliyebanana na watoto miaka mingi kule mtaa wa Gulfton, sasa ana bwawa la kuogelea. Haogelei. Analionyesha tu.

"Dada, Hamisi bado anabeba maboksi?"

"Anabeba. Na wewe bado unaunguza wali?"

Tukacheka. Moyoni sikucheka.

Baada ya chakula Idi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akaleta kichupa cha mchanga mweusi unaonata. Nikanusa: lami.

"Mama mkubwa, huu tunauchimba, tunauosha kwa maji ya moto, lami inaelea. Halafu lami yenyewe tunaipika tena kwa moto mkali mpaka iwe mafuta mepesi. Hapo ndipo yanauzika."

"Mnapika mara mbili?"

"Mara mbili."

Mimi nimekulia Ujiji, nikikamua mawese. Tulichemsha chikichi kutwa, na kuni zilipopanda bei mama aliacha kukamua, akauza chikichi zenyewe sokoni. Kwa hiyo nikauliza, "Kuni zenu ni nini?"

"Gesi. Tena nyingi sana."

"Na mafuta yakishuka bei?"

Idi akamtazama mama yake kwanza. "Kwa bei ya leo faida ipo. Ikishuka nusu, kila pipa ni hasara. Na mtambo ule hauzimwi kama jiko, kwenye baridi ile mabomba yanaganda. Tutaendelea kuuza kwa hasara, tutapunguza watu. Wataanza na waliokuja jana."

"Kama Hamisi."

"Kama Hamisi. Hata mimi, mama mkubwa, sina uha—"

"Idi!" Mwajuma akamkata. "Mpe mama yako mkubwa chai."

Chai niliinywa polepole. Mara ya kwanza mwaka ule ilikuwa tamu.

Ijumaa nikapanda basi la kwanza. Zamu ya Hamisi huanza alasiri. Ningeweza kupiga simu, lakini nilikosea mbele ya mkewe, nikaona nijirekebishe mbele ya mkewe. Njiani nilijifunza hili: ukiona mtu anauza mafuta, uliza kwanza anayapika kwa kuni gani. Bwawa lile bado nalionea wivu, sitawadanganya.

Nikaingia ndani kwa Hamisi, mkoba ungali begani, nikawasimamisha wote wawili.

"Kazi haiachwi. Hamisi, vaa viatu uende zamu. Mama Salma, mfungashie mumeo chakula. Na siku nyingine nikiamuru jambo kwa wivu, mnibishie."