Kopo la Karanga la Jumamosi

Kwenye ghala la karanga walimwita Macho, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na tisa alikaa benchi lilelile, ungo mapajani, akichambua. Karanga iliyosinyaa, iliyopasuka, au yenye kidoa cha kijani kisichozidi ncha ya sindano, haikumpita. Msimamizi aliwaambia wageni, "Huyu mama hana mchezo," naye Macho alivimba kichwa kidogo, maana nani hapendi kusifiwa?

Zile mbovu hazikutupwa. Kila Jumamosi wachambuaji waligawiwa kopo moja moja, ndiyo ahsante yao. Macho alizichambua upya nyumbani, akazisugua kwa maji ya chumvi hadi madoa yakatoka, akazikaanga barabara, akazisaga. Ungemuuliza, angekuapia kwamba hazina neno. Asubuhi zilikwenda kwenye uji wa mumewe, Fundi, seremala wa milango na vitanda. Vijiko vitatu vya kujaa. Yeye mwenyewe alikwangua tu kilichosalia kinuni.

"Mtu anayepiga randa kutwa hawezi kushindia maji," alisema.

"Utaninenepesha nishindwe kupita kwenye milango yangu mwenyewe," Fundi alimtania.

Sasa milango anapita vizuri sana. Amekwisha mwili, tumbo tu ndilo limejaa, na macho yake yamekuwa ya manjano.

Hospitalini, daktari, binti mdogo tu, alimwita Macho pembeni akamuuliza habari za chakula. Macho alimweleza yote, tena kwa fahari, jinsi alivyozisugua. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, ulichokitoa ni ukungu. Sumu yake inabaki ndani ya karanga, haionekani, na moto wa jikoni hauimalizi. Ini lina kinga yake ya kuizima sumu kabla haijaharibu mwili. Lakini ikiingia nyingine kila asubuhi, kinga inatumika upesi kuliko inavyotengenezwa. Ini linaharibika polepole, miaka na miaka, na mtu hasikii kitu."

"Mbona mimi mzima?"

"Wewe ulikula kiasi gani?"

Macho akauliza kama hiyo kinga inaweza kurudishwa.

"Kwa pale uvimbe wa ini lake ulipofikia, hapana, mama. Tutamtuliza maumivu."

Jumatatu aliwasimulia wenzake pale benchini. Walimwonea huruma kwelikweli. "Lakini si sote tunakula," mmoja akasema, "na tupo?" Jumamosi ilipofika wote walikinga makopo. Macho peke yake aliondoka mikono mitupu, na alijichukia njia nzima.

Jumapili Fundi alipata nafuu kidogo, akaomba uji. Macho akampikia uji mtupu. Fundi alionja kijiko kimoja.

"Karanga ziko wapi?"

"Zimekwisha."

"Ghala zima lile, Macho?" Alijaribu kucheka, pumzi ikamkatikia. "Nimekukosea nini, mke wangu?"

Macho angemwambia nini, na siku zenyewe zimebaki za kuhesabu? Kwamba alimlisha mauti kwa mapenzi, kijiko baada ya kijiko?

"Hujanikosea kitu. Kesho nitaleta."

"Vitatu," Fundi akasema, akafumba macho.

"Vya kujaa," akajibu Macho, akalishika bakuli kwa mikono miwili lisimwagike.